Mke Wangu ni Nesi, Baba Hataki Amguse

Mara ya mwisho mliniacha nje ya bafu langu mwenyewe, hapa Ilomba, nimeshika taulo, nikizungumza na mlango.

Kwa aliyechelewa kuingia: naitwa Rabson Mwakalinga, nafundisha takwimu katika chuo kimoja cha Mbeya. Baba yangu, Mzee Jailos, alipata kiharusi akiwa peke yake kijijini Rungwe, akalala sakafuni mpaka jirani alipokuja kuazima jembe. Hospitali walimtibu, wakamruhusu kwa masharti: dawa za presha kila siku, mazoezi ya mkono wa kulia, na asiachwe peke yake. Nikawashinda ndugu zangu wote kwa hoja moja. Mke wangu, Blandina, ni nesi. Wodi yake imejaa wazee. Nani mwingine ana nesi ndani ya nyumba?

Hoja ilikuwa nzuri. Ilisahau kwamba Blandina ni mkwe.

Kwetu Wanyakyusa, kwa desturi ya zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja. Wengi wameiacha. Baba hajaiacha. Kwa hiyo nilimtoa mzee kwenye nyumba isiyo na mtu, nikamleta kwenye nyumba yenye mtu mmoja anayejua kumhudumia, na huyo mmoja ndiye asiyeruhusiwa kumgusa. Kwa mtu anayelipwa kuwafundisha wenzake kupanga utafiti, si kazi ya kujivunia.

Blandina akiingia kwa mlango wa mbele, baba anatoka kwa wa nyuma. Blandina akitaka kwenda jikoni, anakohoa kwanza, baba anajifunika blanketi kichwani. Nisipokuwepo, wanazungumza kupitia paka.

"Paka," baba husema akiutazama ukuta, "mwambie mwenye nyumba chumvi imezidi."

"Paka," Blandina hujibu kutoka koridoni, "mwambie mzee chumvi sikutia kabisa. Na vidonge anavyoficha chini ya mkeka nimeviona."

Vijana wa kuajiriwa tulijaribu. Wa mwisho alifukuzwa kwa kosa la kumsugua mzee kama pikipiki. Ndipo nikabaki mimi na taulo.

"Baba, fungua. Nitakusaidia mgongo tu."

"Wewe ni nani?"

"Rabson."

"Rabson mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

"Umesoma habari za Nuhu na Hamu?"

"Nimesoma."

"Basi unajua kilichompata aliyemwona baba yake uchi. Weka taulo hapo, uondoke."

Nikaweka taulo. Nikasikia kishindo, maji mengi, kisha kimya.

"Baba!"

"Sijaanguka. Ndoo ndiyo iliyoanguka."

Alipotoka, nusu ya kichwa ilikuwa na sabuni, na vifungo vya shati vilikuwa vimekosea njia kuanzia juu hadi chini. Akaketi kwenye kochi kwa uangalifu wa mtu anayeweka yai.

"Nakupa mpaka Jumapili," akasema. "Nitafutie mtu wa kunishika bila kunivunjia heshima. Usipompata, narudi kwangu."

"Kwako hakuna mtu, baba."

"Jirani atakuja. Jembe lile alilirudisha, lazima aje kuliazima tena."

Kesho yake nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Watu wengine huenda na mzee wao. Mimi nilikwenda na jedwali, nimelichapisha kwa rangi.

Ofisa wa zamu aliitwa Devota. Alilitazama jedwali, akaligeuza, akalitazama tena.

"Kaka, hii nyekundu ni nini?"

"Hatari ya kuanguka."

"Na hii ya kijani?"

"Mke wangu."

Akaliweka chini taratibu. Kisha akanieleza kilichopo, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza hayo hayo asubuhi nzima. Mzee akipata kitambulisho cha wazee, atatibiwa bila malipo. Hospitali kuna dirisha la wazee, hapangi foleni na vijana. Mkono unahitaji mazoezi ya viungo, na idara yake ipo. Mhudumu wa afya wa mtaa anaweza kuja nyumbani kumpima presha. Kata ina baraza la wazee, wanakutana, wanatembeleana.

"Na wa kumwogesha?"

"Hapo hatuna mtu, kaka. Kuoga ni kwa familia."

"Familia ndiyo tatizo lenyewe."

"Baraza la wazee umeshakwenda?"

"Wale ni watu wa vikao. Mimi natafuta huduma."

Devota akanitazama.

"Kaka, unatafuta huduma, au unatafuta mtu wa kukuambia una akili?"

"Huduma."

"Basi nenda barazani. Na makao ya wazee ya serikali usijisumbue. Yale ni ya wasio na mtu. Mzee wako ana watu wengi kuliko mimi."

Nikamshukuru. Nikiwa ngazini nikatambua tundu katika maelezo yake. Alisema makao ya serikali. Hakusema ya masista.

Blandina ni Mhehe wa Iringa, na shangazi yake hupeleka mboga kwenye makao ya masista, nje kidogo ya mji huo. Wanaume pale wanaogeshwa na mabruda. Hakuna mkwe. Niliona nimemaliza hesabu.

Safari ilipangwa kwa siku moja. Blandina alitakiwa aje, maana ndiye anayefahamika kule, lakini gari nalo lina paa. Ikabidi apande basi. Lilipotupita mbele ya Chimala, baba alijifunika blanketi mpaka likapotea.

"Alikuwa upande wa pili, baba. Hakukuona."

"Wewe endesha."

Nilitarajia akatae. Nilikuwa nimeandaa hoja za kila aina kwa ajili ya kukataa kwake, nikazipitia kimoyomoyo kuanzia Makambako. Sikuzitumia hata moja. Tuliwakuta wazee wameketi juani ukutani, na mmoja mwenye kofia ya sufu akamwamkia kwa Kihehe.

"Kamwene!"

"Ndaga," baba akajibu kwa Kinyakyusa.

"Eeh! Mnyakyusa! Umekuja kutumalizia ndizi?"

"Ndizi za Wahehe? Hizo kwetu anapewa ng'ombe. Akikataa tunamwelewa."

Benchi zima likacheka. Wakamsogezea nafasi. Yule mwenye kofia akaangalia shati la baba, akasema, "Nani kakufunga hivi? Adui?" Akamfungua vifungo, akamfunga upya, huku akiendelea kumtukania ukoo. Baba alikaa ametulia kama mtoto kwa kinyozi.

Blandina alinitambulisha ofisini, kisha akajitenga jikoni kwa masista. Nilipotoka kumwita baba, alikuwa amekwisha kuamua.

"Rabson, lete begi."

Sista Faustina, mkuu wa makao, alikuwa mama mfupi mwenye miwani mizito. Alimkaribisha baba kwa heshima zote, akaanza maswali.

"Baba, una watoto wangapi?"

"Watano," nikajibu mimi, nikijivunia ukoo.

"Wako hai?"

"Wote."

"Wana kazi?"

"Wote wana kazi. Mimi nafundisha chuo."

Sista akavua miwani.

"Mwanangu, hapa tunapokea wazee ambao wasipopokelewa hapa watalala nje. Nikimchukua baba yako, kuna mzee mmoja nitamwambia nafasi imejaa."

"Tutachangia, Sista."

"Sijakuuliza hilo."

Baba akainua mkono wake mzima, kama mwanafunzi.

"Sista, hata mimi sina mtu."

Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Nilikuwa nimemshika kiwiko.

"Baba," Sista akasema kwa upole, "huyu aliyekushika ni nani?"

Baba akageuka, akaniangalia.

"Huyu? Huyu ni mwalimu."

Nimewahi kukataliwa makala na majarida. Huwa wanaeleza sababu kwa kirefu zaidi.

Wakati wa kurudi tulisimama Chimala kula. Walituletea wali wa Mbarali na maharage. Baba alikula kwa kijiko, mkono wa kushoto, nusu mdomoni na nusu mezani. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Acha."

Nikaacha.

"Yule mwenye kofia," akasema baadaye, "alinifunga vifungo. Uliona?"

"Niliona."

"Hakusema pole. Wewe kila ukinishika unasema pole. Pole baba, pole baba, kama vile mimi ndiye niliyefiwa na mimi. Mtu wa rika lako hakuonei huruma. Anakucheka, anakufunga vifungo, mambo yanakwisha."

Hapo ndipo nilipopata wazo. Naomba mkumbuke kwamba nilikuwa nimekula na sikuwa na homa.

Siku ya pili nilikwenda maktaba ya chuo, kwa kuwa siamini wazo mpaka nilikute limeandikwa. Nikalikuta. Kitabu cha mila kilieleza kwamba zamani Wanyakyusa walijenga vijiji kwa rika. Wanaume waliokua pamoja waliishi pamoja, wakala pamoja, wakaoga mtoni pamoja na wakauguzana mpaka uzeeni. Nimezaliwa na kukulia mjini, na Unyakyusa wangu mwingi ni jina la ukoo. Nilisoma ukurasa ule kwa furaha kubwa. Nikafunga kitabu.

Ningefunua ukurasa mmoja zaidi, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwapa.

Jumamosi asubuhi nikaenda Rungwe. Wenzake wa rika waliobaki hai na wanaotembea ni wawili: Mzee Asegelile, mrefu, mwenye sukari na sauti ya kwaya, na Mzee Edmund, mfupi, aliyestaafu kiwanda cha chai na asiyestaafu ubishi. Wote wagane. Niliandaa hotuba.

"Wazee wangu, nimekuja kuwaomba mje mkae na mwenzenu kwa muda, mmsaidie..."

"Una televisheni?" Mzee Edmund akauliza.

"Ipo."

"Kubwa?"

"Ya kutosha."

"Asegelile, chukua blanketi lako. Mtoto wa Jailos ametukumbuka."

Mchana ule ule walikuwa Ilomba, na mkungu wa ndizi kwenye buti. Sikueleza lolote. Walimtazama baba, wakatazamana, wakamwinua, wakaingia naye bafuni. Nikasimama koridoni bila taulo. Sikuhitajika.

"Jailos! Ndiyo wewe huyu, au umetuletea mifupa yako?"

"Supu yake itakuwa nyepesi hii."

"Shika hapo. Siyo hapo! Hapo nashika mimi tangu mwaka ule wa mafuriko."

"Ninyi wajinga, maji ya moto!"

"Kelele. Enzi zile ulikuwa unaoga mtoni na barafu, leo unaliogopa birika."

Nilimsikia baba akicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mama afariki. Nachukulia hiyo kama taarifa, si hisia. Ndivyo nilivyoichukulia pale koridoni, na ndiyo maana nilikwenda kuangalia gari nje kwa muda.

Alitoka amevaa shati lililofungwa sawasawa. Akaketi katikati ya wenzake kwenye kochi.

"Jumapili kesho," nikamkumbusha.

"Jumapili nakwenda kanisani," akasema. "Rungwe sirudi. Nani atawaangalia hawa?"

Nilikuwa mshindi. Ushindi ulidumu mpaka Blandina alipotoka zamu.

Alikohoa mlangoni kama kawaida. Baba akajifunika blanketi kama kawaida. Lakini Mzee Asegelile naye akaruka, akavuta kitambaa cha meza na vikombe vyake, akajitanda kichwani. Mzee Edmund akaingia nyuma ya pazia. Pazia ni fupi. Miguu yake ilibaki nje.

"Wazee, kulikoni?" nikauliza. "Mkwe ni wa baba, si wenu."

"Mwalimu," pazia likasema, "sisi na Jailos ni rika moja. Mke wa mtoto wake ni mkwe wetu sote."

"Sote," kitambaa cha meza kikaunga mkono. "Wewe hukufundishwa?"

Ndio ulikuwa ukurasa uliofuata.

Blandina alikuwa amesimama barazani na sare zake, mkoba begani. Nikamfuata nje.

"Rabson," akasema polepole, "asubuhi nilipoondoka nilikuwa na baba mkwe mmoja."

"Ni hatua ya muda."

"Nimerudi, wako watatu. Umewatoa wapi wengine?"

"Rungwe. Wanamwogesha. Amekubali kubaki, Blandina. Amecheka."

"Nashukuru amecheka. Mimi naingiaje ndani?"

Nikafikiri. Chumba chetu kiko upande wa nyuma.

"Dirisha la chumbani ni pana," nikasema.

Kuna maneno ambayo mtu akiyasikia yakitoka kinywani mwake mwenyewe, anageuka nyuma kumtafuta aliyeyasema.

"Mimi ni kiongozi wa zamu," Blandina akasema. "Leo nimemwogesha baba wa watu, mgeni, akaniita mwanangu, akaniombea. Nimekuja kwangu, unaniambia nipite dirishani?"

"Huko kwenu Iringa hamna desturi ya wakwe?"

"Kwetu mzee anapikiwa ugali, anakula, anashukuru. Kesho nakwenda kwetu. Kule kuna mlango."

Alilala kwa jirani. Mimi nililala kwetu, na wazee watatu wakikoroma kwa sauti tatu.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani mapema kwa sababu baba alisema amechoka. Blandina alikuja kuchukua vitu vyake. Mzee Asegelile alimpitishia begi dirishani kwa adabu kubwa, macho yakitazama dari. Tulikuwa uani, mimi nikitafuta sentensi ya kumzuia na yeye akingoja niipate, pale Mzee Edmund alipotoka mlango wa nyuma, kofia imemfunika uso.

"Mwalimu, baba yako amelewa."

"Amekunywa nini?"

"Chai ya rangi. Lakini anatoka jasho kama mpiga ngoma, maneno hayakamatani. Anaomba jembe aende shamba."

Blandina alikuwa ametupa mgongo, kama desturi inavyotaka. Mgongo ule ukanyooka.

"Muulize amekula nini leo."

"Hajala," Mzee Edmund akaniambia mimi. "Alisema anangoja ndizi."

"Muulize dawa."

"Dawa tumempa!" Mzee Asegelile akaita kutoka dirishani, mwenye fahari. "Zake zote, na za kwangu pia. Tangu ujana mimi na Jailos hatuli kitu bila kugawana."

"Za kwako ni za nini, mzee?" nikauliza.

"Za sukari."

"Baba hana sukari!"

"Ndiyo maana tukamgawia. Hana hata kidogo."

Begi la Blandina likaanguka chini.

"Sukari imeshuka," akasema. Sauti yake ilikuwa ya wodini, tambarare. "Tutampeleka hospitali, lakini akiondoka hivi anaweza kuzimia njiani. Washa gari, kisha chukua mashine ya kupimia sukari, iko kwenye mfuko wa mbele wa begi. Nitakuelekeza nikiwa koridoni."

Nikawasha gari. Nikaingia na mashine. Baba alikuwa amelala ubavu kwenye kochi, shati limelowa, midomo imepauka. Wazee wawili walisimama ukutani, kofia mikononi.

"Mchome ncha ya kidole," Blandina akasema kutoka koridoni. "Tone dogo tu."

Nikachoma. Nikaweka tone. Mashine ikatoa jibu zuri sana.

"Iko sawa!" nikapaza sauti.

"Haiwezi kuwa sawa. Umechoma kidole gani?"

Nikatazama. Kidole kilichokuwa kikitoka damu kilikuwa changu.

"Acha mashine. Chukua asali, ncha ya kijiko, weka ndani ya shavu. Anameza?"

Nikaweka. Asali ikateleza kwenye kidevu, nyingine ikaenda nyuma. Baba akakohoa kikohozi kibaya, chenye mluzi.

"Anameza au hamezi?"

"Kuna uwezekano kwamba..."

"Sitaki uwezekano! Toa kijiko, utamziba! Lazima nimwone uso, Rabson. Naingia."

Akaingia. Mzee Asegelile na Mzee Edmund wakageukia ukuta kwa pamoja, kama walioamriwa. Baba hakuweza kugeuka. Lakini zile nyayo alizijua. Mkono wake wa kushoto ukapapasa, ukalikuta blanketi, ukalivuta mpaka juu ya utosi.

Blandina akasimama hatua moja kutoka kwenye kochi. Hakuwahi kufika karibu kiasi hicho.

"Tata," akamwita baba kwa Kinyakyusa, bila paka, bila ukuta. "Ni mimi, Blandina. Niruhusu nikuone uso tu."

Chini ya blanketi maneno yalikuwa yamechanganyika kama nyuzi. Moja tu lilitoka zima.

"Hapana."

Mzee Edmund, uso ukutani, akatikisa kichwa.

"Amesema, mwalimu. Mwenye kuruhusu ni yeye."

"Mwenye kuruhusu hajui leo ni siku gani," Blandina akajibu. Akanigeukia. Mikono yake ilikuwa tayari, lakini macho hayakuwa ya wodini tena. "Nikimfunua kwa nguvu, akiamka ataondoka kwako, na hatamruhusu mtu yeyote wa nyumba hii kumgusa tena mpaka afe. Unamjua. Nikingoja, hataamka. Kama nesi nimeshaamua. Kama mkwe, siwezi kuamua. Yeye ni baba yako. Sema."

Nilikuwa nimekwenda ofisini, nikavuka mikoa, nikawakusanya wazee wa Rungwe, ili neno hilo alitamke mtu mwingine yeyote asiyekuwa mimi.

"Mfunue," nikasema.

Blandina akapiga magoti, akashika pindo la blanketi, akavuta.

Mkono mzima wa baba ukaling'ang'ania. Mniache hapo mpaka mara ijayo, nimeshika kijiko cha asali.